Mradi wa chuo umepita, lakini mashine yetu ya mkonge inanitia hofu: niikabidhi?

BARUA YA MSOMAJI

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni binti wa Tanga, nimemaliza mwaka wa nne wa uhandisi mitambo na sasa nasubiri mahafali. Mradi wa mwaka wa mwisho tuliufanya watatu: mashine ndogo ya kuchakata mkonge kwa ajili ya wakulima wadogo wa upande wa Muheza. Jopo limeupitisha kwa alama nzuri na msimamizi amekwisha kusaini ripoti. Kinachoninyima usingizi ni kinachofuata.

Nieleze mashine yenyewe kwanza. Ni ngoma ya chuma yenye kipenyo cha milimita 400 na urefu wa milimita 300, imechomelewa visu butu 12 vya engo (vyuma vyenye umbo la L). Ngoma na shafti yake vina uzito wa kilo 45. Inazungushwa na injini ya dizeli ya nguvu ya farasi 10 kwa mikanda miwili, mizunguko 900 kwa dakika. Mbele ya ngoma lipo bamba ambalo jani linakwanguliwa juu yake. Nafasi kati ya bamba na ncha za visu inarekebishwa kwa bolti, na matokeo mazuri tuliyapata kwenye milimita 2. Ikifika 3, nyama ya jani inabaki kwenye singa, yaani nyuzi za mkonge. Ikishuka hadi 1, singa zinakatika. Mlishaji anaingiza nusu ya jani, analivuta, analigeuza, kisha anaingiza nusu ya pili akiwa ameshika singa zilizokwisha kusafishwa. Kusimamisha, kuna wenzo pembeni mwa injini unaolegeza mikanda.

Mdomo wa kulishia una upana wa milimita 120 na kimo cha milimita 40, kwa kuwa kitako cha jani ni kinene. Mbele ya mdomo tuliweka shingo ya bati ya milimita 350 ili mkono usifike kwenye visu. Tulipojaribu karakana ya chuo, tukilisha majani machache kwa wakati mmoja, haikuwa na shida yoyote, na jopo lilituuliza maswali mengi zaidi kuhusu hesabu ya shafti na beringi.

Shambani mambo yakawa mengine. Ile shingo inajaa makapi, kazi inasimama, mtu anachokoa kwa kijiti, wanaanza tena. Siku ileile walishaji walichukua spana ya 13, wakafungua bolti nne, shingo wakaiweka chini ya mwembe. Bila kinga wanapitisha majani kama 300 kwa saa. Ikiwa imefungwa, 200. Hakuna aliyeumia, lakini nimeona kijana akijiviringishia singa kwenye kiganja ili zisimteleze, akiwa amesimama mbele ya ngoma iliyo wazi.

Kikundi kinaitaka mashine ianze kazi kabla hawajakata tena. Wana haki ya kuharakisha: injini ni yao, walitukabidhi kwa ajili ya mradi, na wakipeleka majani kwenye korona, yaani kiwanda kikubwa cha kuchakata mkonge, wanakaa foleni mpaka yanaanza kukauka. Mwenyekiti wao ni baba mdogo wa mwenzangu mmoja kwenye mradi. Mwenzangu huyo anasema tukabidhi, maana jopo limekwisha kupitisha, na kwamba vijijini watu wanatumia mashine za miwa na za kukoboa zisizo na kinga miaka nenda rudi. Anasema nataka kuonekana najua zaidi ya maprofesa. Mwenzetu wa tatu amepata kazi Dodoma, yeye anasema "fanyeni mtakavyoona." Mimi nimepata nafasi ya mafunzo kazini Dar es Salaam na nitaondoka hivi karibuni, kwa hiyo siwezi kuwa pale kusimamia.

La kuniumiza zaidi, fundi mmoja wa kuchomelea pale kijijini amekwisha kuipima ngoma kwa futi na anasema anaweza kutengeneza nyingine "bila lile bati la usumbufu."

Nikatae kusaini makabidhiano? Nisaini nijitoe? Au nawaza kupita kiasi? Naomba jina langu lisitajwe.

Mwenye Wasiwasi, Tanga


JIBU LA MSHAURI

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kumaliza.

Nikikusoma vizuri, mambo matatu yamefungwa kwenye kifurushi kimoja. Kuna mashine inayofanya kazi yake lakini inaweza kuchukua mkono wa mtu. Kuna watu wenye haki ya kuitaka, ambao pia ni ndugu wa rafiki yako. Halafu kuna saini yako, na safari yako ya Dar iliyo mlangoni. Umeuliza kana kwamba majibu ni mawili tu, kukabidhi au kukataa. Mimi ningependa kwanza tuulizane ni kitu gani hasa kitakachokuwa kinakabidhiwa, kwa sababu kuna mashine mbili kwenye barua yako: ile iliyo kwenye michoro, yenye shingo, na ile inayozunguka Muheza, isiyo nayo. Jopo liliipitisha ya kwanza. Mwenzako akisema "jopo limepitisha" hasemi uongo, ila anazungumzia mashine ambayo haipo shambani.

Kuhusu kama unawaza kupita kiasi, tuache maneno tupige hesabu. Ngoma ya milimita 400 kwa mizunguko 900 ina ncha zinazokwenda karibu mita 19 kwa sekunde, yaani kilomita 68 kwa saa. Mtu akishtuka, robo sekunde inapita kabla mkono haujaanza kurudi nyuma. Katika robo sekunde hiyo ngoma imezunguka karibu mara nne, na visu 45 vimepita mahali palepale. Kwa hiyo yule anayesema "mtumiaji awe makini" anadai kitu ambacho mwili wa binadamu hauna.

Na yule kijana aliyejiviringishia singa kiganjani ndiye picha kamili ya ajali za mashine hizi. Mara nyingi kinachompeleka mtu kwenye visu si kuusukuma mkono, ni kuvutwa. Jani moja lina nyuzi kama 1,000, na nyuzi hizo zinathaminiwa duniani kwa sababu hazikatiki kirahisi. Nusu ya pili ya jani ndiyo mbaya, kwa sababu anachoshika ni singa tupu, zimelowa utomvu, zinateleza, na njia pekee ya kuzidhibiti ni kuzizungushia mkononi. Ngoma ikizidaka, hazimwachii. Usije ukashawishika kugawa glavu ukadhani umemaliza. Utomvu wa mkonge unawasha, kwa hiyo watazitaka, lakini glavu ikishikwa huenda na mkono uliomo ndani. Ncha za mtandio na kanga zina hatari hiyohiyo, na kwenye vikundi vya Tanga walishaji wengi ni akina mama.

Sasa ule wenzo wako. Umeandika unalegeza mikanda, basi. Fikiria kinachotokea: ukishalegeza mikanda umeitenganisha ngoma na injini, hakuna tena cha kuizuia isipokuwa beringi na upepo. Ngoma ya kilo 45 kwa mwendo ule ina nishati ya kama joule 5,000, sawa na mfuko wa saruji wa kilo 50 ulioanguka kutoka mita 10. Kwa makadirio yangu itaendelea kuzunguka karibu dakika nzima baada ya wenzo kuvutwa. Tena umesema wenzo uko pembeni mwa injini. Mlishaji aliyenaswa ataufikiaje?

Hapo nimekuongezea hofu, najua. Lakini sitaki uichukue hofu hiyo ukaielekeza kwa wakulima. Naona kwenye barua yako dhana kwamba walifungua kinga kwa sababu hawajali. Hebu fuata hesabu yao. Jani moja likiwa na gramu 600, na singa kavu zikiwa karibu asilimia 4 ya uzito huo, majani 300 kwa saa ni kilo 7.2 za singa. Majani 200 ni kilo 4.8. Kwa siku ya saa 8, kinga yako inawagharimu kilo 19 za singa. Mtu anayelipwa kwa kilo ataifungua kesho na keshokutwa, hata umsomee semina.

Na kwa nini shingo inajaa? Majani 300 ni kilo 180. Singa kavu ni kilo 7 tu. Zaidi ya kilo 170 kila saa ni maji na makapi, na lazima yaende mahali. Kwenye majani machache ya karakana, karai moja linatosha. Shambani, nafasi iliyo chini ya ngoma ikishajaa, makapi hayana pa kutokea, yanarudi nyuma kupitia mdomo na kuingia kwenye shingo. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba shingo haina kosa na tatizo liko chini. Hilo linapimika kwa asubuhi moja: chimbeni shimo chini ya ngoma, au inueni fremu na kuweka mlango wa makapi wenye mteremko mkali, nyuzi 50 hivi, kisha fungeni shingo na mhesabu majani upya. Kama mmerudi kwenye 280, mazungumzo na baba mdogo yatakuwa mengine kabisa. Kama mmebaki kwenye 200, basi kinachochelewesha ni urefu wa kufikia, na dawa yake ni tofauti.

Niseme jambo la shingo yenyewe, maana hapa ndipo mradi wako ni mgumu kuliko unavyoonekana. Kiwango cha kimataifa cha umbali wa usalama, ISO 13857, kinasema tundu la kimo cha zaidi ya milimita 40 hadi 120 linahitaji umbali wa milimita 850 kabla ya sehemu ya hatari. Mdomo wako uko ukingoni mwa kundi hilo. Tundu la kimo cha kati ya milimita 20 na 40 halikusaidii, kwa mpasuo mrefu linahitaji 850 vilevile. Jani lako lina urefu gani, mita 1.1? Ukitoa 850 unabaki na milimita 250 za kuchakata, na unahitaji angalau 550 ili nusu mbili zikutane katikati. Yaani kwa jani la mkonge linalolishwa kwa mkono kupitia mdomo wa 40, shingo ya kutosha na kazi ya kutosha haviwezi kukaa pamoja. Hakuna urefu wa bati utakaokuokoa. Ndiyo maana kwenye korona kubwa mtu hasogei karibu na ngoma: majani yanalazwa kwenye meza na kubebwa yakiwa yamebanwa, ngoma moja inasafisha upande mmoja na ya pili upande wa pili.

Lakini jedwali lilelile lina mlango mwingine. Mpasuo ukiwa na kimo kisichozidi milimita 20, umbali unaotakiwa unashuka hadi 120 tu. Kinachokuzuia ni unene wa kitako cha jani. Kitako kinaweza kupondwa kwanza, pembeni kabisa, kwa rola mbili za kuzungusha kwa mkono kama zile za kukamulia miwa, taratibu, bila injini. Jani likishalazwa bapa linapita kwenye mpasuo wa 20, na shingo ya milimita 120 inatosha. Gharama yake ni mtu mmoja zaidi na hatua moja zaidi, na rola nazo zina midomo yake, hata kama zinakwenda polepole. Pia namba hizo ni za watu wa umri wa miaka 14 na kuendelea. Kama watoto wanakuja shambani baada ya shule, na unajua wanakuja, zinakuwa namba nyingine.

Njia ya pili, ambayo inaweza kuongezwa juu ya hiyo, ni kishikio. Kipande cha mti mgumu cha milimita 250, kina kigingi katikati, kina pa kushikia pande zote mbili. Mlishaji anazungushia singa kwenye kigingi badala ya kiganja, anashika kwa mikono miwili. Kwa kuwa kishikio ni kipana kuliko mdomo wa 120, ngoma ikivuta kinagota nje ya mdomo. Mikono yote miwili ina kazi, kwa hiyo hakuna mkono wa bure wa kwenda kusukuma jani. Hasara yake ni sekunde chache kwa kila jani, na siku kishikio kikivunjika au kikisahaulika nyumbani, watarudi kwenye kiganja. Tengenezeni vingi, vya bei ya kuni.

Ya tatu ni breki. Kuisimamisha ngoma yako ndani ya sekunde 3 kunahitaji nguvu ya kusokota ya kama newton-mita 36 kwenye shafti, na breki ya nyuma ya pikipiki ya bodaboda inatoa zaidi ya hiyo bila jasho. Fundi yeyote wa Ngamiani anaweza kukupatia ngoma ya breki na viatu vyake vilivyotumika. Ila zingatia mambo ambayo yakikosewa huiharibu: ifungwe kwenye shafti ya ngoma yenyewe, wala si upande wa injini, kwa ufunguo wa chuma na si kwa kuchomelea. Ifunikwe, kwa sababu utomvu ukifika kwenye viatu vya breki vinateleza. Ishikwe na springi, ili kuachia ndiyo iwe kufunga. Na mikanda ilegee kabla breki haijabana, la sivyo mtaunguza mikanda ndani ya wiki. Wenzo uhamishwe uwe fimbo ya kuvuka mbele ya tumbo la mlishaji, hata akivutwa mwili wake ndio uisukume. Kanyagio la mguu si baya, ila vijijini na mijini linafungwa kamba au kuwekewa jiwe kabla jua halijazama.

Nikiwa hapo, waambie pia waangalie michomeleo ya visu. Kisu kimoja cha engo kina kama kilo 0.7, na ngoma ikiwa kwenye mwendo kinavutwa kwenda nje kwa nguvu inayokaribia kilo 130, muda wote, huku utomvu wenye asidi ukikila chuma. Paka mafuta ya taa kwenye mchomeleo, futa, paka chokaa. Palipo na ufa mafuta yatajitokeza kama mstari.

Umeona kwamba sijasema kabidhi wala usikabidhi. Ni kwa sababu kila njia ina watu wake wa kuumia, na wewe ndiye unayewajua.

Ukizuia mashine mpaka irekebishwe, umelinda mikono ya kikundi hiki kwa miezi kadhaa. Lakini utakuwa Dar. Mashine itakaa kwenye kona ya karakana, mwakani wanafunzi wengine wataing'oa beringi, na injini ya wakulima itakuwa imefungiwa ndani ya mzozo. Kama unaelekea njia hii, fikiria angalau kuwarudishia injini yao sasa na kubaki na ngoma. Injini ni mali yao na haina kosa.

Ukikabidhi kwa masharti ya karatasi tu, "ni marufuku kufungua kinga," utakuwa umejilinda wewe kuliko kumlinda mlishaji. Swali la kujiuliza ni kama inawezekana kinga isifunguke. Kwa mfano, lile bamba la kukwangulia mngelishikiza kwenye shingo yenyewe badala ya kwenye fremu. Anayeiondoa shingo anakuwa ameondoa na bamba, na ngoma haichakati kitu. Bolti zilizoshikilia kinga yenu zilikuwa nne za spana ya 13 kwa sababu mashine haikuihitaji kinga hiyo ili ifanye kazi. Kusafisha makapi nako kuwe na mlango wake chini, ili asiwepo mwenye sababu ya kushika spana. Ninaipenda njia hii, sitakuficha, lakini inahitaji siku za kazi karakana, na mtu wa kuzifanya, na wewe unaondoka. Mwenzako yupo?

Kuna pia njia ya kumpa mtu mwingine macho. Kituo cha Mlingano cha TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kiko hukohuko Muheza na mkonge ndio kazi yake. Bodi ya Mkonge ina makao yake Tanga mjini. CAMARTEC ya Arusha, kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, hupima zana za kilimo. Barua zinachelewa, na wanaweza kusema hapana mbele ya watu ambao wangependa kusikia ndiyo. Na ukienda bila kumwambia mwenzako, ataona umemshtaki kwa baba yake mdogo. Ukienda naye, ni ombi la kitaalamu la kawaida.

Kuhusu saini, angalia unasaini kama nani. Wewe bado ni mhitimu. Bodi ya Usajili wa Wahandisi itakusajili kwanza kama mhandisi mhitimu, na mafunzo ya vitendo chini ya usimamizi huchukua miaka 3 kabla hujawa mhandisi kamili. Si haki mzigo wa kusema "mashine hii ni salama kwa umma" uegemee kwako peke yako, wala kwa mwenzako. Msimamizi wenu, akiwa amesajiliwa, ndiye mwenye kimo cha kuubeba, na ana haki ya kujua kwamba kinga ilifunguliwa shambani. Je, ameambiwa? Kurasa mbili za nyongeza kwenye ripoti, zenye zile namba za 300 na 200 na picha ya shingo iliyojaa makapi, hazitashusha alama zako. Kwa wanafunzi wa mwakani zitakuwa kurasa zenye faida kuliko sura nzima ya hesabu za shafti.

Nimemwacha yule fundi hadi sasa kwa sababu nadhani unamwona vibaya. Amekwisha kupima ngoma. Atatengeneza, uwepo usiwepo. Kukataa kwako kukabidhi hakumzuii, kunamnyima tu ile sehemu ya mchoro asiyoweza kuipima kwa futi: kwa nini mpasuo ni 20, kwa nini breki iko kwenye shafti ya ngoma. Itakuwaje ukimkaribisha achomelee yeye hiyo shingo mpya na bamba lake? Huenda akaiga na kinga. Huenda pia akaiga ngoma peke yake akaiuza kwa bei ya chini. Hilo siwezi kukuhakikishia.

Na mwenzako. Ugomvi wenu umeanza kuwa wa nani anajua zaidi, na huo hauna mwisho. Usimpelekee barua hii. Mpelekee saa. Mwombe aje na baba mdogo, shingo ikiwa imefungwa, pasiwe na jani wala mtu mbele ya mdomo, washeni mpaka mwendo kamili, kisha yeye mwenyewe avute wenzo na ahesabu kwa sauti mpaka ngoma isimame. Wewe nyamaza. Baada ya hapo muulizeni mzee, kwa heshima yake, maswali ambayo mwenyekiti pekee anaweza kuyajibu: nani hasa atalisha, wa umri gani, watoto watakuwa wapi, na mtu akinaswa nani yuko karibu na wenzo. Mzee wa kikundi akishajibu hayo mbele ya watu wake, huenda masharti akayaweka yeye, na yake yatashikwa kuliko yako.

Safari ya Dar usiione kama kukimbia. Ila kabla hujaondoka, jueni kwa jina ni nani anabaki na michoro, nani ana namba ya msimamizi, na nani ana ruhusa ya kusema mashine isiwashwe leo.

Ukishapima, niandikie tena: sekunde ulizopata, urefu wa majani yenu ya kawaida, na unene wa kitako baada ya kupondwa. Kama hakishuki chini ya 20, hesabu yote ya mpasuo inabadilika na itabidi tuzungumze kuhusu meza ya kulishia.